Shule zikifungwa, homa ya mafua huenda wapi?

Swali: *Daktari, nina watoto wawili, wa miaka 6 na 10. Kila msimu wa homa ya mafua mambo ni yale yale: shule zikiwa wazi mmoja anakohoa, zikifungwa wanatulia, kisha wiki mbili tatu baada ya kufunguliwa nyumba nzima iko kitandani. Likizo ijayo ni ya wiki mbili, tumepanga kwenda kumwona bibi yao. Ana miaka 74, ana kisukari na moyo wake uliwahi kumsumbua. Mume wangu anasema tuondoke siku ile ile shule zinapofungwa, maana watoto wakishatoka darasani hatari imekwisha. Jirani anasema watoto wakipumzika kinga yao inalala, ndiyo maana wakirudi wanaugua. Mimi nawaza nisiwarudishe wiki ya kwanza. Je, likizo inapunguza homa ya mafua kweli? Na katika sisi watatu, nani yuko sahihi?*

Mama, ulichokiona nyumbani kwako ndicho ambacho watafiti wamekiona katika nchi kadhaa, kwa hiyo macho yako hayajakudanganya. Tatizo liko kwenye maelezo, na hapo nyote watatu mmekosea kidogo, kila mmoja kwa upande wake.

Ndani ya swali lako kuna maswali mawili, na majibu yake hayafanani. La kwanza ni la jamii nzima: wimbi la homa ya mafua hupungua shule zikifungwa? Naam, hupungua. La pili ni la mama mmoja wa miaka 74: hatari yake yeye hupungua? Si lazima. Likizo humwondoa mtoto karibu na wenzake thelathini darasani na kumweka karibu na watu wazima ambao kwa kawaida hawaoni kila siku. Kwa siku chache ambazo unaweza kuzihesabu kwa vidole, bibi anaweza kuwa hatarini zaidi kuliko wakati shule zilipokuwa wazi.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia ugonjwa gani. Homa ya mafua husababishwa na virusi vya influenza, aina A na B. Huanza ghafla: asubuhi mtoto yuko mzima, jioni ana homa ya nyuzi 39, mwili unauma, kichwa kinagonga, kikohozi ni kikavu na chakula hakitaki. Mafua ya kawaida huja polepole, kamasi nyingi, homa ndogo au hakuna, na huletwa na virusi vingine kabisa, hasa rhinovirusi. Navitenganisha kwa sababu vyote viwili hurudi shule zinapofunguliwa, na mafua ya kawaida mara nyingi hutangulia. Kikohozi cha wiki ya kwanza huenda si homa ya mafua hata kidogo.

Sasa, kwa nini shule? Mtoto ni kiwanda kizuri cha virusi hivi kwa sababu tatu zinazokwenda pamoja. Hajakutana na aina nyingi za influenza maishani, kwa hiyo mwili wake hauna kumbukumbu ya kutosha ya kuvizuia mapema. Akiugua, hutoa virusi vingi na kwa muda mrefu: mtu mzima huambukiza tangu siku moja kabla ya dalili hadi siku 5 au 7 baadaye, lakini mtoto mdogo anaweza kufika siku 10 na zaidi. Na tatu, anakaa bega kwa bega na wa rika lake saa nyingi kila siku. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 8 za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2008 uliwapa watu zaidi ya 7,000 shajara waandike kila waliyezungumza naye au kumgusa kwa siku moja. Watoto wa umri wa shule walijitokeza wazi: wana mikutano mingi kuliko wazee, na mingi ni wao kwa wao. Virusi vinavyosafiri kwa pumzi, chafya na mikono vikipata kundi la namna hiyo vina barabara ya lami.

Darasa likivunjika, barabara hiyo inakatika. Hesabu ndogo itakuonyesha ukubwa wa athari. Katika msimu wa kawaida mgonjwa mmoja wa homa ya mafua huambukiza wastani wa watu 1.3 hivi, na kutoka mgonjwa mmoja hadi anayefuata hupita takriban siku 3. Wiki mbili, basi, ni kama vizazi 5 vya maambukizi. Anza na wagonjwa 100 wanaougua kwa wakati mmoja. Shule zikiwa wazi wanakuwa 130, kisha 169, 220, 286, na kizazi cha tano 371. Tuseme likizo inashusha ile 1.3 hadi 0.95: wale 100 wanakuwa 95, halafu 90, 86, 81, 77. Punguzo lenyewe lilikuwa dogo, robo hivi tu, lakini mwisho wa wiki mbili tofauti ni 371 kwa 77. Homa ya mafua iko karibu sana na ule mstari wa mtu mmoja kumwambukiza mmoja, ndiyo maana kusukumwa kidogo huiangusha. Surua, ambayo mgonjwa mmoja huweza kuambukiza zaidi ya watu kumi, isingeyumba hivyo.

Endelea na hesabu hiyo hiyo na utapata jibu la zile “wiki mbili tatu” zako. Shule zinafunguliwa, wagonjwa ni 77, na ile 1.3 inarudi. Kizazi cha kwanza wanafika 100, yaani pale pale tulipoanzia kabla ya likizo. Kizazi cha tano, wiki mbili na ushei baadaye, ni kama 286. Siku za kwanza hakuna anayeona kitu kwa sababu wagonjwa bado ni wachache, darasani mmoja au hakuna. Halafu ghafla kila dawati lina mtu anayekohoa. Kwa wimbi zima, likizo ni kama kulisimamisha gari njiani: injini bado inafanya kazi, lakini utachelewa kufika. Isipokuwa likizo iwe imekuja mwishoni mwa wimbi, wakati watu wengi wameshaugua na kupata kinga. Hapo gari halina mafuta ya kuondokea tena.

Hayo ya mfano yana ushahidi wa kweli nyuma yake. Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa Israeli, Januari mwaka 2000, walimu wa shule za msingi walipogoma katikati ya msimu wa homa ya mafua. Uzuri wa mgomo huo kwa mtafiti ni kwamba shule zilifungwa lakini maisha mengine yaliendelea: zahanati zilikuwa wazi, wazazi hawakuwa likizoni. Watoto waliogunduliwa kuwa na maambukizi ya njia ya hewa walipungua kwa asilimia 42 na ziara kwa daktari kwa asilimia 28, kisha idadi zikapanda masomo yaliporudi. Nimetaja zahanati kwa makusudi. Takwimu nyingi za likizo zina udanganyifu ndani yake: wakati wa sikukuu watu hawaendi hospitali kwa ugonjwa mdogo, na madaktari wengine hawapo, kwa hiyo namba hushuka hata kama kikohozi hakijashuka. Mgomo wa Israeli hauna kasoro hiyo.

Wafaransa nao walitazama zaidi ya miaka ishirini ya taarifa za madaktari wao, wakalinganisha maeneo ambayo likizo zake hazikuangukia wiki moja. Walikadiria kwamba likizo hupunguza maambukizi kwa watoto kwa asilimia 20 hadi 29, na kwamba kwa jumla huzuia asilimia 16 hadi 18 ya wagonjwa wa msimu. Lakini angalia jambo jingine walilolikuta: mikutano ya watu wazima wao kwa wao haikubadilika. Mtu mzima ananufaika kwa mlango wa nyuma tu, kwa kuwa watoto wachache ndio wanaomletea ugonjwa nyumbani.

Mwaka 2009 Uingereza iliishi mfano wetu mbele ya macho ya wote: aina mpya ya virusi vya influenza A, iitwayo H1N1, ilipanda hadi Julai, ikaporomoka shule zilipofungwa kwa likizo ndefu, ikainuka tena baada ya Septemba. Na kwa upande wa pili kuna Hong Kong, Machi 2008, ambako serikali ilifunga shule za msingi na za awali kwa wiki mbili baada ya vifo vya watoto kutisha umma. Watafiti waliochambua baadaye hawakuona athari kubwa, kwani wimbi lilikuwa limeshaanza kushuka lenyewe. Kwa hiyo likizo haina nguvu moja kila mwaka. Ikiangukia wimbi linapopanda inasaidia sana, ikiangukia linaposhuka inasaidia kidogo, na ikitangulia wimbi lenyewe haina cha kuzuia.

Nirudi kwa baba watoto. Anasema watoto wakishatoka darasani hatari imekwisha. Hapa ndipo kosa linaloweza kumgharimu bibi, kwa hiyo nitakwenda siku kwa siku.

Mtu akiambukizwa influenza, dalili hutokea baada ya siku 1 hadi 4, nyingi siku ya 2. Na huanza kuambukiza wengine kama siku moja kabla ya kujisikia vibaya. Sasa chukua Ijumaa, siku ya kufunga. Mwanao amekaa karibu na mwenzake anayechemka homa, wamegawana chupa ya maji. Ijumaa jioni mnaondoka, mtoto anaimba garini. Jumamosi anamkumbatia bibi, analala kitanda kimoja naye, na pengine virusi vimeshaanza kutoka. Jumapili homa inapanda. Siku anazotoa virusi vingi kuliko zote, yaani siku ile dalili zinapoanza na moja au mbili zinazofuata, zimeangukia zote nyumbani kwa bibi. Mngetafuta ratiba ya kumpelekea ugonjwa kwa uhakika zaidi mngeikosa.

Lakini mkiahirisha safari siku nne kamili, mambo yanabadilika. Ijumaa wanafunga shule. Mnahesabu Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Jumatano asubuhi mnaondoka. Kama darasa lilimpa virusi siku ya mwisho, karibu kila mara vitakuwa vimeshajionyesha. Katika siku hizo nne msiwapeleke tuisheni, wala kwenye sherehe za watoto au viwanja vya michezo vya ndani, la sivyo hesabu inaanza upya na ahirisho linakosa maana. Mtoto mmoja akiugua, basi safari isubiri: huyo mpaka apite angalau siku 7 tangu dalili zianze na awe hana homa, na mwenzake siku nne tangu walipokuwa pamoja mara ya mwisho mgonjwa akiwa bado anaambukiza. Nyumba ndogo haitenganishi watoto kirahisi, kwa hiyo kwa vitendo mara nyingi inakuwa safari imesogea wiki nzima na zaidi. Inaudhi, najua. Na hata hivyo ulinzi huu una tundu: wapo watu wanaoambukizwa wasionyeshe dalili yoyote. Siku nne zinaipunguza hatari sana bila kuimaliza, kwa hiyo chanjo nitakayoitaja bado inahitajika.

Kuhusu jirani na kinga inayolala: hapana. Kinga dhidi ya influenza hupungua kwa miezi na miaka, na kwa sababu virusi vyenyewe hubadilika sura. Haipotei katika siku 14 za kulala hadi saa tatu. Watoto huugua wakirudi kwa sababu wanarudi mahali ambapo familia mia kadhaa, kila moja na virusi ilivyovichuma ilikokwenda, zinakutana tena kwenye vyumba vilevile. Maneno haya ya jirani yana binamu yake, kwamba homa ya mafua hutokana na baridi au kulowa mvua. Baridi peke yake haimpi mtu influenza. Hewa baridi na kavu huvisaidia virusi kudumu zaidi hewani, na watu hufunga madirisha wakabanana ndani, ndiyo maana nchi za baridi zina msimu wake wa majira ya baridi. Karibu na ikweta virusi huzunguka mwaka mzima, na sehemu nyingi huongezeka wakati wa mvua.

Na wewe, mama, unayetaka kuwazuia wiki ya kwanza. Nakuelewa, lakini ukitazama tena ile hesabu ya 77 na 100 utaona umechagua wiki ambayo mara nyingi ndiyo tulivu kuliko zote za muhula. Wagonjwa wamepungua wakati wa likizo na mnyororo haujajijenga upya. Ukiwarudisha wiki ya pili unawaingiza wakati moto unaanza kushika, huku wamekosa masomo ya wiki nzima. Isitoshe, kufunga shule hufanya kazi kwa sababu watoto wote wanatawanyika kwa pamoja. Wawili wakibaki nyumbani huku ishirini na wanane wakiendelea, wimbi halina habari. Kuna hali mbili ambazo ningekuunga mkono kuwaweka nyumbani: mtoto mwenyewe ni mgonjwa, au kuna mtu nyumbani ambaye kinga yake iko chini sana kwa wiki fulani mahususi, tuseme yuko katikati ya matibabu ya saratani, na daktari wake ameshauri hivyo. Bibi aliye mbali haingii humo. Mtoto mgonjwa arudi shule akiwa amepitisha saa 24 bila homa na bila dawa ya kushusha homa. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayosahaulika: mtoto anapewa dawa saa kumi na mbili asubuhi, anaonekana mzima, na saa tano darasani anawaka.

Kama mtoto angekuwa na pumu, nisingebadilisha ushauri wa kurudi shule, lakini ningehakikisha dawa yake ya kuvuta ya kuzuia pumu haijaachwa wakati wa likizo. Nchini Kanada imeonekana mwaka baada ya mwaka kwamba watoto wenye pumu hufurika hospitali wiki mbili hadi tatu baada ya shule kufunguliwa Septemba, rhinovirusi ikiwa mhusika mkuu. Wengi huacha dawa likizoni wakijiona wazima.

Sasa chanjo, na hapa tarehe ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kinga huchukua takriban wiki 2 kujengeka baada ya sindano. Bibi akichanjwa wiki tatu kabla hamjafika, yuko tayari. Akichanjwa siku mlipofika, hayuko. Kwa watu wa miaka 65 na zaidi kuna chanjo zenye dozi kubwa au zenye kiongeza nguvu, kwa sababu miili yao huitikia chanjo ya kawaida kwa udhaifu, kwa hiyo aulize kama zinapatikana. Mtoto wa miaka 10 anahitaji dozi moja. Yule wa miaka 6, kama hajawahi kuchanjwa kwa influenza, nchi nyingi hupendekeza dozi 2 zenye nafasi ya wiki 4 kwa walio chini ya miaka 9. Jumlisha: wiki 4 za kusubiri dozi ya pili na wiki 2 za kujenga kinga ni wiki 6. Ukianza leo na likizo iko wiki tatu mbele, mdogo atakuwa amelindwa nusu nusu. Anza hivyo hivyo, kwani msimu hauishi na likizo.

Chanjo si ukuta. Katika miaka ambayo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka hupunguza uwezekano wa kwenda kwa daktari kwa homa ya mafua kwa asilimia 40 hadi 60, na kuna miaka inayofanya vibaya zaidi ya hapo. Kwa nini basi nasisitiza watoto wachanjwe wakati aliye hatarini ni bibi? Kwa sababu ile ile inayofanya likizo ifanye kazi. Japani iliwachanja watoto wengi wa shule tangu mwaka 1962 hadi 1987, wazazi waliporuhusiwa kukataa, na mwaka 1994 mpango ukaachwa. Waliochambua vifo vya miaka hiyo walikadiria kwamba kuchanja watoto kulikuwa kukizuia vifo 37,000 hadi 49,000 kwa mwaka, wengi wao wazee. Namba hizo zimebishaniwa, na mimi mwenyewe naona ni za juu, ila mwelekeo wake hauna ajabu: ukiutuliza ugonjwa darasani, babu na bibi wanapumua.

Mkishafika kwa bibi, yapo mambo machache yenye uzito. Watoto walale chumba kingine. Madirisha mawili ya pande tofauti yafunguliwe ili hewa ipite, hata dakika kumi kila saa chache ni bora kuliko kufungua kidogo kutwa upande mmoja. Mikono ioshwe kwa sabuni wakitoka nje na kabla ya kula. Virusi vya influenza vinaweza kudumu saa 24 hadi 48 kwenye plastiki na chuma, kwa hiyo rimoti na simu za kugawana zifutwe. Sitaki uhangaike na kunyunyizia dawa kuta na sakafu. Pumzi ya karibu ndiyo njia kuu, na sakafu haimpumulii mtu usoni.

Ikitokea mtoto ameugua mkiwa huko, mtoe kwenye chumba cha bibi mara moja, mhudumu awe mmoja na asiwe bibi, mtoto avae barakoa anapopita sebuleni kama anaivumilia. Kisha mpigie daktari wa bibi siku hiyo hiyo, bibi angali mzima. Kuna dawa ya kupambana na virusi, oseltamivir, ambayo daktari anaweza kuamua kumpa mtu aliye hatarini kama kinga baada ya kukutana na mgonjwa, mradi ianzwe ndani ya saa 48. Akishaanza kuugua pia hufaa zaidi ndani ya saa hizo hizo 48. Familia nyingi huzimaliza saa hizo kwa tangawizi na kusubiri.

Kwa mtoto, kazi kubwa ni maji, kupumzika na kupunguza maumivu. Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi dozi 4 kwa saa 24. Mtoto wa kilo 20 anapata miligramu 200 hadi 300. Kosa ninalolihofia liko kwenye chupa: kuna sharubati ya miligramu 120 kwa mililita 5 na nyingine ya 250 kwa mililita 5 hizo hizo. Kwa ya kwanza mtoto huyo anahitaji kama mililita 8 hadi 12, kwa ya pili 4 hadi 6. Soma lebo, tumia kipimo kilichokuja na chupa, kijiko cha chai kiache jikoni. Angalia pia dawa za kikohozi za mchanganyiko, maana nyingi zina parasetamoli ndani na dozi hujirudia bila mtu kujua. Aspirini asipewe kabisa, kwani kwa mtoto mwenye homa ya mafua inahusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao huharibu ini na ubongo. Antibiotiki haziui virusi. Daktari atazitumia tu akiona bakteria wameingilia, kama nimonia au sikio.

Mpeleke mtoto hospitali bila kungoja akipumua kwa kasi au mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, midomo ikibadilika kuwa ya kibuluu, akikataa kunywa au akipitisha saa 8 bila kukojoa, akipata degedege, akiwa mzito kuamka, au misuli ikimuuma kiasi cha kukataa kutembea. Mtoto mchanga wa chini ya wiki 12 mwenye homa yoyote ni wa daktari siku hiyo hiyo. Na kuna ishara moja inayowapita wazazi wengi: homa na kikohozi vilikuwa vimepoa, siku mbili tatu baadaye vinarudi kwa nguvu. Hiyo mara nyingi ni nimonia imepanda juu ya homa ya mafua.

Kwa bibi, usiitafute homa kwanza. Mzee anaweza kuwa na influenza kali bila joto kupanda. Tazama kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, kuanguka, kuishiwa nguvu za kutoka kitandani, pumzi kukatika, kukosa hamu ya kunywa, au sukari kupanda bila sababu. Akiugua apimwe sukari mara kwa mara kuliko kawaida na asiache dawa zake bila kuuliza. Maumivu au mbano kifuani ni wa dharura. Utafiti wa Kanada uliotoka mwaka 2018 uliona kwamba katika siku 7 za kwanza baada ya influenza kuthibitishwa, uwezekano wa shambulio la moyo ulikuwa kama mara sita ya kawaida. Kwa moyo ulioutaja, kifua kikibana usiku mwondoke usiku huo huo.